Hans Egede na Mama Gertrud katika Baridi ya Greenland

Katika historia ya misioni ya Kilutheri, Mchungaji Hans Egede hutajwa kama Mtume wa Greenland. Heshima hiyo alistahili. Hata hivyo kazi ile ilifanywa na watu wawili, na pasipo mkewe, Gertrud Rask, ingekoma katika mwaka wake wa kwanza.

Hans alizaliwa Harstad, kaskazini mwa Norway, mwaka 1686. Mwaka 1707 alikabidhiwa uchungaji wa Vågan katika visiwa vya Lofoten, na mwaka huo huo akafunga ndoa na Gertrud, aliyemzidi umri kwa miaka 13. Mungu aliwajalia watoto wanne. Hans alipoona wito wa kwenda Greenland kuwatafuta wazao wa Wanorway wa kale, waliodhaniwa kuishi huko bila mchungaji, mkewe alipinga kwanza. Baada ya maombi alikubali, na tangu hapo hakugeuka nyuma.

Waliondoka Bergen mwezi Mei 1721 kwa merikebu iliyoitwa Haabet, yaani Tumaini, wakafika tarehe 3 Julai. Wazao wale hawakuonekana. Waliokuwako ni Wainuit, wawindaji wa sili, ambao lugha yao hakuna mmoja wa wageni hao aliyeifahamu.

Majira ya baridi yalipoingia, jua lilionekana kwa saa chache tu kila siku, na upepo mkali ulivuma kutoka baharini na milimani. Hans aliingia katika nyumba za wenyeji, zilizopata joto na mwanga kwa taa za mafuta ya sili, ili ajifunze lugha. Wanawe, Poul na Niels, waliishika upesi kuliko baba yao, na Poul alichora picha za habari za Biblia ili baba apate kufundishia. Mama Gertrud alibeba mzigo wa nyumba: moto, chakula kilichozidi kupungua, mavazi, na wagonjwa.

Ilipofika mwaka 1722 akiba ilikuwa karibu kwisha, na meli ya kuleta chakula haikuonekana. Watu waliazimia kurudi kwao, na Hans mwenyewe akaanza kulegea. Gertrud alikataa kufunga mizigo, akawaonya wenzake kwa uhaba wa imani yao. Mwishoni mwa Juni meli ilifika. Mwaka 1731 Mfalme Christian VI alipoamuru makazi yale yavunjwe, mke na mume walibaki pamoja na watu wachache waliojitolea.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1733. Meli kutoka Denmark ilileta ugonjwa wa ndui, ambao wenyeji hawakuwa na kinga yake, nao wakafa kwa wingi. Katika baridi ile nyumba ya mchungaji ilijaa wagonjwa na yatima. Hans alizunguka kuwafariji wanaokufa na kuwazika waliokufa; Gertrud aliwauguza waliolala nyumbani mwake. Afya yake ilivunjika, akafariki tarehe 21 Desemba 1735. Mwaka uliofuata Hans aliondoka Greenland akiuchukua mwili wa mkewe, ukazikwa Copenhagen.

Si yote aliyoyatenda Hans yanayosifiwa. Alikuwa mkali mno kwa waganga wa Kiinuit na desturi zao, na wako watu wa Greenland wanaomkumbuka kuwa mwanzo wa utawala wa kigeni. Lakini wakati wa ndui mlango wa nyumba ile haukufungwa.

Hans alifanywa askofu wa misioni ya Greenland mwaka 1740, akafariki mwaka 1758. Agano Jipya lote katika lugha ya Kigreenland lilitolewa mwaka 1766, kwa kazi ya Poul, mtoto yule aliyejifunza lugha hiyo katika nyumba za wenyeji. Katika mji wa Qaqortoq liko kanisa lenye jina la Gertrud Rask. Jina la Bwana lihimidiwe kwa ajili ya watumishi hao wawili.