Sheikh Al-Amin Mazrui, kadhi aliyehukumu kwa Sharia chini ya serkali ya Waingereza

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kadhi mkuu wa Kenya, aliaga dunia mwaka wa 1947. Lakini swali la kazi yake lingali hai: namna gani sheria ya Kiislamu inaweza kukaa ndani ya sheria za inchi yenye watu wa dini nyingi?

Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, katika ukoo uliotawala mji huo hadi 1837. Baba yake, mwanachuoni pia, alifariki mtoto akiwa mdogo. Alilelewa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akasoma Zanzibar kwa Sheikh Ahmad bin Sumait.

Mwaka wa 1895 Uingereza ilichukua utawala wa pwani kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar. Mahakama za makadhi zilibaki, ila kazi yao ilipunguzwa: hasa ndoa, talaka na urithi. Makosa ya jinai yalifuata sheria ya Waingereza, na aliyeshindwa kwa kadhi aliweza kukata rufaa mbele ya jaji Mwingereza.

Mgongano ulionekana wazi katika wakfu. Katika madhehebu ya Shafi, mwenye nyumba anaweza kuifunga kwa faida ya watoto na wajukuu, isiuzwe. Hukumu ya London ya 1894, juu ya kesi kutoka India, ilikataa wakfu wa familia, na majaji wa Afrika Mashariki wakaifuata. Hivyo jambo halali kwa wanachuoni liliweza kubatilishwa mahakamani.

Al-Amin alitaka Waislamu wajue dini yao na elimu ya kisasa pia. Alianzisha gazeti la Sahifa mwaka wa 1930 na al-Islah mwaka wa 1932, akiandika Kiswahili ili wasiojua Kiarabu wafahamu. Mwaka huo wa 1932 akawa kadhi wa Mombasa, na 1937 kadhi mkuu.

Katiba ya Kenya ya 2010 imehifadhi mahakama hizo, kwa sharti kwamba pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa huko. Kongo haina mahakama ya kadhi: hata kwa Waislamu wa Maniema, ndoa iliyofungwa na imamu peke yake, bila kuandikishwa kwa afisa wa serkali, haimlindi mjane mbele ya jaji.