Miriam Makeba: mama aliyetoka katika nyumba ya fimbo

Ukiweka wimbo wa Malaika kwenye redio, hapa Kamango, kule Nobili ama Beni mjini, hakuna mtu atakayeuliza ni wimbo gani. Wazee wanauimba, na watoto wanaujua kabla ya kujua maana yake. Ni habari ya kijana anayempenda msichana lakini hana mali ya kumuoa. Kwetu, ambako ndoa inaanza na hesabu ya mbuzi, kila mtu anaelewa.

Wimbo ule ulitoka Afrika ya Mashariki, na Fadhili William wa Kenya ni kati ya wale walioutia kwenye sahani zamani. Lakini sauti iliyoupeleka dunia nzima ni ya mwanamke wa Afrika ya Kusini, Miriam Makeba, ambaye watu walimuita Mama Afrika. Wengi wetu tunajua sauti yake. Wachache wanajua kwamba huyu mama aliyeimba mapenzi vizuri hivyo alianza maisha ya ndoa kwa kupigwa. Leo tunaeleza maisha yake, juu ya wale wamama walioko ndani ya hali hiyo, na wale waliotoka na wanaogopa kuanza upya.

Alizaliwa tarehe 4 mwezi wa tatu mwaka wa 1932, katika mtaa wa watu weusi karibu na Johannesburg. Jina lake la kwao ni Zenzile. Baba yake alikuwa Mxhosa, mama yake Mswazi. Alipokuwa na siku 18 tu, mama yake alikamatwa kwa kosa la kutengeneza pombe ya mahindi na mtama nyumbani. Ni sawa vile hapa kwetu mama anatengeneza kasiksi ili watoto wapate kula. Serikali ya wazungu ilikataza pombe ile. Mama alihukumiwa miezi sita, na mtoto akafungwa pamoja naye kwa sababu alikuwa bado ananyonya. Miezi ya kwanza ya Miriam ilikuwa ya gereza.

Alipofika miaka sita hivi, baba alikufa. Mama akaenda kufanya kazi katika nyumba za wazungu, na watoto wakabaki kwa koko wao, mama wa mama, kule Pretoria. Hapo ndipo Miriam alijifunza kuimba, katika kwaya ya shule ya Wamethodisti ya Kilnerton. Yeye mwenyewe pia alifanya kazi za nyumbani kwa watu, kufua na kutunza watoto.

Mwaka wa 1949, akiwa na miaka 17, aliolewa na kijana aliyekuwa anasomea kazi ya polisi, James Kubay. Mwaka wa 1950 walipata mtoto msichana, Bongi, na huyo ndiye mtoto mmoja tu ambaye Miriam alizaa. Nyumba ile haikuwa na amani. Bwana alimpiga. Na tufikiri kidogo: ukipigwa na jirani, unaenda polisi. Ukipigwa na polisi mwenyewe, tena ni bwana yako, unaenda wapi? Wamama wa huku kwetu wanajua swali hilo. Kuko wengi wanaonyamaza juu ya kazi ya bwana, juu ya sare anayovaa ama silaha anayobeba.

Sheria ya nchi ile nayo haikusaidia. Sheria ya mwaka wa 1927 ilimhesabu mwanamke mweusi aliyeolewa kwa desturi kama mtoto asiyefikia umri, chini ya mamlaka ya bwana yake. Na tusicheke Afrika ya Kusini. Hapa Kongo, mpaka juzi juzi, mama aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya sheria. Ni mabadiliko ya Kanuni ya Familia ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 yaliyoondoa ruhusa ile. Wengi vijijini bado hawajapata habari hiyo.

Mapigo yalikuwa bado hayajapoa, ugonjwa ukaingia. Miriam aligunduliwa kuwa na kansa ya titi akiwa bado kijana sana. Mama yake, ambaye alikuwa mganga wa kienyeji, alimchukua na kumtunza, na Miriam akapona. Bwana yeye aliondoka. Ndoa ilikuwa imedumu miaka kama miwili.

Hapa ndipo sehemu ya maisha yake ambayo watu wanairuka haraka, na sisi tunataka kusimama kidogo. Msichana wa miaka 20 hivi, ana mtoto mkononi, ametoka kwenye ugonjwa, hana bwana. Katika familia nyingi zetu, neno la kwanza ni kwamba arudi, mbuzi za mahari zimekwisha kuliwa. Neno la pili ni kwamba atafute mwingine upesi, mtoto asikose baba. Miriam hakufanya la kwanza, na la pili hakuliharakisha. Kati ya ndoa ile na ndoa nyingine ilipita miaka karibu nane.

Miaka ile hakukaa bure. Bongi alilelewa kwa msaada wa nyumba ya mama yake, na Miriam akatafuta kazi kwa sauti yake. Aliimba kwanza katika kikundi kidogo cha Cuban Brothers. Baadaye, miaka ya 1950, akaingia kwa Manhattan Brothers, kundi lililojulikana nchi nzima. Mwaka wa 1956 akaimba katika kundi la wanawake watupu, Skylarks. Kwa mara ya kwanza alikuwa na franga zake, na wenzake wa kazi waliomjua kwa kipaji. Kundi la wanawake wanaofanya kazi pamoja ni dawa ambayo haiuzwi duka la dawa. Hapa kwetu tunaona vile: wamama wa likelemba, wamama wa kwaya, wamama wanaokausha kakao pamoja. Mtu aliyepigwa nyumbani anaanza kujua tena kwamba yeye ni mtu.

Mwaka wa 1959 mambo yalikwenda mbio. Alionekana kwa dakika chache tu katika filamu iliyoonyesha maisha ya watu weusi chini ya ubaguzi, Come Back, Africa. Filamu ilipelekwa Venice, Italia, naye akaenda. Kule Uingereza alikutana na Harry Belafonte, mwimbaji mkubwa wa Marekani, ambaye alimfungulia milango ya New York. Mwaka uleule aliolewa na mwimbaji mwenzake, Sonny Pillay. Ndoa hiyo ilikuwa fupi sana. Ilipoonekana haisimami, waliachana.

Mwaka wa 1960 mama yake akafa. Miriam alitaka kurudi kumzika, na hapo akagundua kwamba serikali yake imefuta pasipoti yake. Watu wa Watalinga, nyinyi mliokimbilia Bundibugyo mwaka wa 2013 na kuacha makaburi ya wazazi nyuma, mnajua uchungu wa kukatazwa kilio cha mama. Yeye alikaa nje ya nchi yake miaka 30. Lakini Bongi, aliyekuwa na miaka tisa, alimfikia Marekani.

Katika mwaka wa 1963 alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa na kuomba dunia iishinikize Afrika ya Kusini. Serikali yake ilijibu kwa kukataza nyimbo zake kwenye redio ya taifa. Mtu aliyekuwa ananyamazishwa nyumbani sasa alinyamazishwa na nchi nzima, na hakunyamaza.

Mwaka wa 1964 aliolewa na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa kwao. Urafiki wao ulianza kabla ya ndoa: Miriam ni kati ya wale waliomsaidia Masekela kufika New York kusoma muziki. Haikuwa nyumba ya utulivu, na mwaka wa 1966 waliachana. Lakini angalia yaliyofuata. Baada ya watoto wa shule kuuawa Soweto mwaka wa 1976, Masekela alitunga wimbo Soweto Blues, na aliyeuimba ni Miriam. Mwaka wa 1987 walipanda tena jukwaa moja katika safari ya muziki ya Paul Simon. Zaidi ya miaka 20 baada ya kuachana, waliheshimiana na kufanya kazi pamoja.

Tunajua kuko watakaosema: mama aliyeolewa mara tano, atatufundisha nini juu ya ndoa? Ni swali la haki, tusilikimbie. Miriam hakuwa malaika wa wimbo wake. Alikosea, na aliumia zaidi ya mara moja. Lakini weka ndoa ya kwanza pembeni ya ile na Masekela. Ya kwanza iliacha alama za ngumi na mtu aliyeondoka wakati wa ugonjwa. Ya Masekela iliacha rafiki. Uhusiano wenye afya si ule usioisha hata siku moja. Ni ule ambao ndani yake huogopi, na hata ukiisha, unabaki na maisha yako, kazi yako na mtoto wako. Kwa mtu aliyepitia fimbo, tofauti hiyo si ndogo.

Mwaka wa 1968 aliolewa na Stokely Carmichael, kiongozi wa watu weusi wa Marekani. Juu ya jina la bwana huyo, kazi zake Marekani zilifutwa moja baada ya nyingine. Walihamia Guinea, kwa Rais Sékou Touré, na wakatengana mwaka wa 1973. Yeye akabaki Guinea, akaendelea kuimba na kuiwakilisha nchi ile katika Umoja wa Mataifa. Mwezi wa tisa 1974 aliimba Kinshasa, katika tamasha kubwa lililotayarishwa juu ya pambano la Ali na Foreman. Wababa wetu wengine bado wanalikumbuka. Mwaka wa 1981 aliolewa tena, na Bageot Bah, mtu wa kazi za ndege.

Mwaka wa 1985 Bongi alikufa baada ya uzazi, akazikwa Conakry. Mtoto yule ambaye alikuwa mkononi mwake wakati anatoka kwenye nyumba ya fimbo, alimzika kabla ya yeye mwenyewe kuzeeka. Wajukuu walibaki, naye akaendelea.

Mwezi wa sita 1990, baada ya Nelson Mandela kufunguliwa, alirudi kwao. Alikuwa na miaka 58, angeweza kupumzika. Lakini alifungua kituo cha wasichana kule Midrand, karibu na Johannesburg, kwa wasichana waliodhulumiwa na waliokosa mahali pa kulala. Mtu anatoa kile alichokosa. Mwaka wa 1951 hakukuwa na nyumba kama ile kwa Zenzile wa miaka 19. Kulikuwa paka mama yake.

Alikufa mwezi wa 11 mwaka wa 2008, kule Castel Volturno, Italia, baada ya kuanguka mwishoni mwa tamasha. Alikuwa ameimba Pata Pata, na usiku ule alikuwa amekwenda kumsimamia mwandishi Roberto Saviano, aliyetishwa na mafia. Alikuwa na miaka 76.

Sasa, wewe mama unayesoma hapa Kamango, Butembo, Oicha ama kambini, na wewe binti ambaye kijana mpya anakuita na moyo unaogopa. Maisha ya Miriam hayasemi kwamba lazima uolewe tena, wala kwamba usiolewe. Yanaonyesha mambo machache ya kushika.

La kwanza, mahali pa kutua: mama, koko, shangazi ama dada ambaye hatakurudisha kwenye ngumi juu ya mbuzi. La pili, muda. Moyo uliopigwa haujui mara moja kutofautisha wivu na mapenzi. Mwanaume anayekuharakisha, anayetaka ukate rafiki zako na kukuuliza kila franga, usimuite anayekupenda sana. Ngoja, angalia. La tatu, kitu chako mwenyewe: shamba, biashara ndogo, kazi ya mikono. Anayekupenda atakifurahia, hatakivunja. La nne, mtoto wako. Angalia anavyomtazama mtoto ambaye hakumzaa. Na la tano, jaribu kumkatalia jambo dogo. Jibu lake litakuonyesha nyumba ya kesho.

Na nyinyi wababa, msione kama habari hii haiwahusu. Ukioa mama aliyepitia fimbo, siku moja utainua mkono kuchukua kofia juu ya ukuta, naye atashtuka. Usikasirike, usimwambie kwamba anakufananisha na yule wa zamani. Shusha mkono pole pole. Siku atakapoacha kushtuka, utajua umejenga nyumba.

Jioni Malaika itapita tena kwenye masafa yetu. Ukiisikia, kumbuka anayeimba ni mama gani.