Richard Chelimo: Bingwa wa Olimpiki kwa usiku mmoja

MSAFIRI anayetoka mjini Eldoret kuelekea Kaptagat hukutana na wanariadha mapema alfajiri, wakikimbia kwa makundi kando ya msitu wa misonobari na kwenye njia za udongo mwekundu. Wengi wao wamezaliwa miaka mingi baada ya 1992. Wanamfahamu vyema Eliud Kipchoge, aliyenolewa papo hapo, na hawajamsahau Kelvin Kiptum, aliyefariki katika ajali ya gari kwenye barabara hiyo ya Kaptagat Februari 11, 2024, akiwa na umri wa miaka 24 na rekodi ya dunia ya marathon mikononi mwake.

Jina la Richard Chelimo halitajwi sana miongoni mwa vijana hao. Hata hivyo, kocha mashuhuri wa Kaptagat, Patrick Sang, alikuwa naye katika kikosi cha Kenya kilichokwenda Barcelona, Uhispania, kwa Michezo ya Olimpiki ya 1992. Sang alirudi na nishani ya fedha ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Chelimo naye alirudi na fedha, ya mita 10,000, ila yake ilikuwa na kisa kilichozusha mjadala kote duniani.

Chelimo alizaliwa Aprili 21, 1972 huko Marakwet, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Ilikuwa jamaa ya wakimbiaji. Ndugu yake mdogo, Ismael Kirui, alikuja kuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mara mbili, 1993 na 1995. Binamu yake, Moses Kiptanui, alitwaa ubingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji mara tatu mfululizo, 1991, 1993 na 1995. Ni nadra kwa ukoo mmoja kukusanya mataji ya dunia kiasi hicho katika muda wa miaka minne.

Nyota ya Chelimo ilianza kung'aa mwaka 1990 aliposhinda mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya chipukizi mjini Plovdiv, Bulgaria. Mwaka uliofuata, Juni 25, 1991, alikimbia mjini Hengelo, Uholanzi, kwa dakika 27:11.18. Hiyo ilikuwa rekodi mpya ya dunia ya chipukizi, na ilikuwa nyuma ya rekodi ya dunia ya watu wazima kwa takriban sekunde tatu pekee. Ilidumu kwa miaka 13, hadi Boniface Kiprop wa Uganda alipoivunja mwaka 2004.

Miezi miwili baada ya Hengelo, kijana huyo wa miaka 19 alikuwa Tokyo, Japani, kwa mashindano ya dunia. Hakuja kujifunza. Yeye na Mkenya mwenzake, Moses Tanui, walitimka mapema na kuwaacha wapinzani, jambo lililowashangaza wengi kwa kuwa fainali za aina hiyo huanza polepole, kila mmoja akimvizia mwenziwe. Chelimo ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya mzigo wa kuongoza. Mwishowe Tanui alimpita na kushinda kwa 27:38.74, Chelimo akafuata kwa 27:39.41. Wa tatu alikuwa Khalid Skah wa Moroko, bingwa wa dunia wa mbio za nyika, mtu mwenye kasi kali ya kumalizia.

Jina la Skah lilihitaji kukumbukwa, kwani mwaka mmoja baadaye ndiye aliyebaki pamoja na Chelimo katika fainali ya Barcelona.

Fainali hiyo ilikimbiwa usiku wa Agosti 3, 1992. Kwa mara nyingine Chelimo hakusubiri. Aliongeza kasi, kundi likatawanyika, na kufikia mizunguko ya mwisho walibaki wawili tu mbele: Mkenya wa miaka 20 na Skah mgongoni mwake. Mkakati wa Chelimo ulieleweka na kila aliyeujua mchezo huo. Kwa kuwa hakuwa na kasi ya mita 400 za mwisho kama ya mpinzani wake, ilimlazimu kumchosha kabla ya kengele kulia.

Ndipo kitumbua kikaingia mchanga. Zikiwa zimesalia kama mizunguko mitatu, viongozi hao wawili walimfikia Hammou Boutayeb, Mmoroko mwingine aliyekuwa nyuma kwa mzunguko mzima. (Huyu si Brahim Boutayeb, aliyeshinda dhahabu ya mita 10,000 mjini Seoul mwaka 1988.) Mkimbiaji aliyezungukwa hutarajiwa kuwapisha wenye mbio zao. Boutayeb hakupisha. Alijiunga nao, akawa mara anaingia mbele ya Chelimo, mara anakimbia ubavuni mwake, na kasi aliyoihitaji mno Mkenya huyo ikavurugika. Mashabiki uwanjani walianza kupiga miluzi ya hasira. Afisa mmoja wa mbio alifika hadi kwenye njia na kujaribu kumshika Boutayeb kwa mkono ili amtoe, lakini mkimbiaji akamponyoka.

Katika mzunguko wa mwisho Skah alichomoka na kushinda kwa 27:46.70. Chelimo alifika kwa 27:47.72, sekunde moja na ushei nyuma. Addis Abebe wa Ethiopia alichukua shaba zaidi ya sekunde 12 baadaye, ithibati kwamba vita vya dhahabu vilikuwa vya watu wawili tu.

Badala ya shangwe, Skah alizomewa. Muda mfupi baadaye waamuzi walitangaza kwamba ameondolewa kwenye matokeo kwa kupata msaada wa mkimbiaji aliyezungukwa, na dhahabu ikaenda kwa Chelimo. Kenya ikalala ikiwa na bingwa mpya wa Olimpiki.

Moroko ilikata rufaa. Jopo la rufaa liliketi na siku iliyofuata likabatilisha uamuzi wa waamuzi, Skah akarejeshewa dhahabu na Chelimo akashushwa hadi fedha. Skah mwenyewe alikana katakata kuwa walikuwa wamepanga njama na mwenzake. Hoja iliyomwokoa si ngumu kuielewa: makosa yalikuwa ya Boutayeb, na haikuthibitishwa kuwa Skah aliyaomba wala kuyapanga. Lakini hoja hiyo haikugusa upande wa pili wa kisa. Kama Boutayeb ndiye mkosaji, bado kuna aliyekosewa, naye hakupata fidia ya namna yoyote. Sheria ilitoa jawabu kuhusu mshindi bila kusema lolote juu ya mtu aliyevurugiwa mbio.

Je, Chelimo angeshinda kama Boutayeb angekaa kando? Wapo waliodai kuwa Skah angemshinda kwa vyovyote, kutokana na kasi yake ya mwisho. Huenda. Ila mbinu yote ya Chelimo ilikuwa kuhakikisha kasi hiyo haibaki, na mizunguko aliyoihitaji kwa kazi hiyo ndiyo iliyoharibiwa. Wakati wa kutunukiwa nishani, umati ulitoa hukumu yake: ulimzomea Mmoroko aliyesimama juu na kumshangilia kwa nguvu Mkenya aliyesimama chini yake.

Uzito wa dhahabu ile unaonekana vizuri zaidi leo kuliko siku zile. Naftali Temu alishinda mita 10,000 za wanaume katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Tangu hapo hadi Olimpiki ya Paris ya 2024, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyeshinda mbio hizo. Paul Tergat alijaribu mara mbili, Atlanta 1996 na Sydney 2000, na mara zote mbili akapata fedha nyuma ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Katika orodha hiyo ndefu ya waliokosa, ni Chelimo pekee aliyewahi kutangazwa mshindi kisha akapokonywa.

Mwaka 1993 alijaribu kujifariji kwa njia ambayo haikuhitaji jopo la rufaa. Julai 5, katika uwanja wa Stockholm, Uswidi, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 27:07.91 na kuivunja rekodi ya dunia ya Arturo Barrios wa Mexico, 27:08.23, iliyokuwa imesimama tangu 1989. Tofauti ilikuwa chini ya theluthi moja ya sekunde baada ya mizunguko 25. Akawa Mkenya wa tatu kuishika rekodi hiyo, baada ya Samson Kimobwa mwaka 1977 na Henry Rono mwaka 1978. Alikuwa na miaka 21.

Furaha hiyo ilidumu siku tano. Julai 10, mjini Oslo, Mkenya mwenzake Yobes Ondieki alitimka kwa 26:58.38 na kuwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 27. Rekodi ya Chelimo ikafutika kabla wengi hawajapata kuizungumzia. Mara hii hakukuwa na wa kulaumiwa. Alishindwa kwa haki na ndugu wa nchi yake. Lakini ni vigumu kutoona kwamba katika muda wa miezi 11 aliwekewa mkononi vitu viwili vikubwa kuliko vyote ambavyo mkimbiaji wa masafa anaweza kuvitamani, na vyote viwili vikamtoka ndani ya juma moja.

Agosti mwaka huo huo, mjini Stuttgart, Ujerumani, alipata shaba katika mashindano ya dunia. Fainali hiyo hukumbukwa zaidi kwa kiatu cha Tanui kilichokanyagwa na Gebrselassie, kikalegea, naye Tanui akakitupa na kumaliza na kiatu kimoja, akishindwa kwa nusu sekunde. Chelimo alifika sekunde 20 nyuma yao. Siku chache kabla, Kirui alikuwa ametwaa dhahabu yake ya kwanza ya mita 5,000 akiwa na umri wa miaka 18, hivyo ndugu hao wawili walirudi nyumbani na nishani mbili.

Stuttgart ndiyo iliyokuwa nishani ya mwisho ya dunia kwa Chelimo. Mbio zenyewe zilikuwa zimebadilika kwa haraka ya ajabu. Mwaka 1994 William Sigei alishusha rekodi hadi 26:52.23, kisha Gebrselassie akaishusha tena mwaka 1995. Muda uliompa Chelimo rekodi ya dunia haukutosha tena, miaka miwili tu baadaye. Timu ya Kenya ilipokwenda Atlanta mwaka 1996, bingwa huyo wa usiku mmoja hakuwamo, ingawa alikuwa na miaka 24 tu, umri ambao wakimbiaji wengi wa masafa marefu ndio kwanza wanaanza kukomaa.

Alifariki mjini Eldoret Agosti 15, 2001 kutokana na uvimbe kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 29. Juma moja kabla, Agosti 8, Charles Kamathi alikuwa amemshinda Gebrselassie mjini Edmonton, Kanada, na kurudisha Kenya taji la dunia la mita 10,000, ambalo halikuwa limeshikwa na Mkenya tangu usiku ule wa Tokyo, Tanui alipompita Chelimo.