Mike Hailwood: Aliyeanguka Akainuka

Bila shaka umewahi kuona pikipiki ikipita njiani siku ya mvua. Pengine wewe mwenyewe umepanda. Unajua jinsi tairi linavyoteleza, na jinsi mwendeshaji anavyopunguza mwendo akiona tope. Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyeendesha pikipiki kwa kasi kubwa katika mvua, akaanguka, akainuka, akaendelea. Jina lake ni Mike Hailwood.

Utoto wake

Mike alizaliwa Uingereza tarehe 2 Aprili 1940. Baba yake alikuwa tajiri, mwenye biashara ya kuuza pikipiki. Mike alianza mashindano mwaka 1957, akiwa na miaka 17. Baba yake alimnunulia pikipiki nzuri kuliko za vijana wengine. Kwa hiyo watu wengi walidhani kwamba anashinda kwa sababu ya fedha za baba. Lakini fedha haziwezi kukata kona. Mwaka 1961 Mike alishinda mbio tatu katika juma moja kwenye kisiwa cha Man, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Masengenyo yakapungua.

Mbio za kisiwa cha Man

Kisiwa cha Man kiko baharini kati ya Uingereza na Ayalandi. Mbio zake huitwa TT. Hazifanywi uwanjani. Barabara za kawaida hufungwa, na waendeshaji hupita vijijini, kando ya nyumba na kuta za mawe, kisha hupanda mlimani. Mzunguko mmoja ni karibu kilomita 61. Katika mbio kubwa za wakati ule walizunguka mara 6. Waendeshaji hawaondoki wote pamoja. Huondoka kwa kupishana, na mshindi ni yule aliyetumia muda mfupi kuliko wote. Hivyo kila mmoja anashindana na saa.

Ijumaa ngumu

Siku ya Ijumaa, Juni 18, 1965, mvua ilinyesha kisiwani. Mike aliendesha pikipiki ya kiwanda cha MV Agusta cha Italia. Mwenzake katika kiwanda hicho alikuwa kijana wa Kiitaliano, Giacomo Agostini, mwenye miaka 23. Watu walitaka kuona kama kijana huyu ataweza kumtikisa bingwa.

Katika mzunguko wa pili, Agostini aliteleza akaanguka mahali paitwapo Sarah's Cottage. Hakuumia sana, lakini mbio zake ziliishia hapo. Katika mzunguko wa tatu Mike alifika mahali pale pale. Naye akateleza, akaanguka.

Hebu fikiri hali yake. Pua inatoka damu. Usukani umepinda. Kioo cha kukinga upepo kimevunjika. Injini imezimika. Mwenzake ameshindwa hapo hapo, na hakuna ambaye angemlaumu Mike kama naye angeacha.

Mike hakuacha. Aliinua pikipiki, akaupiga usukani teke mpaka ukanyooka kiasi. Pikipiki za mashindano za siku zile ziliwashwa kwa kusukumwa, na mahali pale palikuwa mlimani. Mtu mmoja hawezi kusukuma pikipiki nzito kupanda mlima na kuiwasha. Kwa hiyo aliigeuza akaisukuma kuteremka, kinyume cha njia ya mbio. Hilo lilikuwa jambo la hatari, maana wengine walikuwa wakija kwa kasi. Injini ilipowaka, aligeuka akaendelea na safari.

Alisimama kwa mafundi wake wakatengeneza walichoweza, kisha akaondoka tena na damu usoni. Injini haikufanya kazi vizuri, kwa sababu kifaa cha kupeleka mafuta kilikuwa kinakwama. Hata hivyo alifika mwisho akiwa wa kwanza, na aliyemfuata alichelewa kwa zaidi ya dakika 2. Wastani wa mwendo wake ulikuwa karibu kilomita 147 kwa saa. Mwaka uliotangulia alishinda kwa wastani wa kilomita 162. Basi unaona kwamba ushindi wake wa taabu haukuwa ushindi wa kasi kubwa. Ulikuwa ushindi wa kutokata tamaa.

Moto wa Kyalami

Mike alipata ubingwa wa dunia mara 9. Alishiriki pia katika mbio za magari. Mwaka 1973, huko Kyalami, Afrika Kusini, gari lake liligongana na gari la mshindani mwenzake, Clay Regazzoni. Gari la Regazzoni likawaka moto naye yumo ndani. Mike alimkimbilia. Nguo za Mike zikashika moto, akazimwa, kisha akarudi tena motoni mpaka mwenzake akatolewa hai. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya ushujaa.

Mwaka 1974 aliumia vibaya mguu katika ajali huko Ujerumani, akaacha mbio za magari. Wengi walisema amekwisha. Lakini mwaka 1978, akiwa na miaka 38, alirudi kisiwani Man na kushinda. Alishinda tena mwaka 1979, halafu akastaafu.

Mwisho wake

Ndugu msomaji, mtu huyu hakufa mashindanoni. Jioni ya tarehe 21 Machi 1981, alitoka nyumbani kwa gari pamoja na watoto wake wawili kwenda kununua chakula. Lori lilikuwa linageuka barabarani mahali palipokatazwa kugeuka. Gari la Mike likaligonga. Binti yake mwenye miaka 9 alikufa papo hapo. Mike alikufa baada ya siku mbili, akiwa na miaka 40. Mtoto wake wa kiume alipona.

Maisha haya yanatufunza mambo mawili. Kwanza, kuanguka si kushindwa, iwapo mtu anaweza kuinuka. Pili, barabara haijui bingwa. Katika mbio, Mike alijua hatari iko wapi. Katika barabara ya kawaida, kosa la mtu mmoja lilitosha kuangamiza baba na mtoto. Kwa hiyo, wewe unayeendesha pikipiki, baiskeli au gari, fuata sheria za barabarani hata kama safari yako ni fupi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini watu walidhani Mike anashinda kwa sababu ya baba yake?
2. Kwa nini Mike aliisukuma pikipiki kuteremka mlima? Je, alifanya vema?
3. Kati ya ushindi wa mwaka 1965 na kumwokoa mwenzake motoni, lipi ni kubwa zaidi? Eleza.
4. Katika kijiji chenu, ni makosa gani ya barabarani huleta ajali? Mwaweza kufanya nini?