Elmer Keith

Elmer Merrifield Keith (8 Machi 1899 – 14 Februari 1984) alikuwa mfugaji, mwindaji na mwandishi wa masuala ya silaha kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni umbo la kichwa cha risasi ya bastola ambalo bado linatumika katika kulenga shabaha na katika uwindaji. Pia alichangia kuanzishwa kwa risasi za aina ya .357 Magnum, .44 Magnum na .41 Magnum.

Maisha ya awali

Keith alizaliwa katika jimbo la Missouri, na alikulia zaidi Montana. Akiwa bado mtoto aliungua vibaya katika moto wa nyumba ya wageni mjini Missoula. Makovu yaliukunja mkono wake wa kushoto. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, mkono huo ulivunjwa na kunyooshwa nyumbani, kwa sababu madaktari hawakukubali kufanya kazi hiyo.

Baadaye alihamia Idaho, akawa mchungaji wa ng'ombe, mfugaji na kiongozi wa wawindaji karibu na mto Salmon. Mwaka 1926 alimwoa Lorraine Randall. Katika miaka ya 1920 alishiriki mashindano ya kitaifa ya kulenga shabaha kwa bunduki huko Camp Perry, Ohio.

Ajali ya mwaka 1925

Keith alijaza risasi zake mwenyewe. Katika kazi hiyo ganda lililokwisha kutumika hutiwa fataki mpya, baruti na kichwa kipya cha risasi. Walenga shabaha wengi hufanya hivyo ili kupunguza gharama, na pia ili risasi zote zilingane.

Tarehe 4 Julai 1925, siku ya sikukuu ya uhuru wa Marekani, rivolva yake ya aina ya .45 Colt ilipasuka alipokuwa akipiga risasi. Alikuwa ameijaza kwa kichwa kizito kilichokusudiwa bunduki ndefu. Sehemu ya juu ya silinda iling'oka pamoja na chuma kilicho juu yake. Keith alinusurika, akaandika habari za ajali hiyo katika gazeti la American Rifleman.

Ajali hiyo ilimfanya ahamie risasi ya .44 Special. Kwa kuwa matundu ya risasi hiyo ni membamba kidogo kuliko ya .45, silinda yenye ukubwa uleule hubaki na kuta nene zaidi kati ya tundu na tundu, nayo huhimili zaidi nguvu ya baruti.

Kichwa cha risasi cha Keith

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Keith alibuni kichwa cha risasi cha .44 chenye uzito wa takriban gramu 16, kilichomiminwa kwenye kalibu kutokana na mchanganyiko wa madini ya risasi na bati. Ncha yake ni bapa. Nyuma ya ncha kuna bega lenye ukingo mkali, ambalo hukata tundu safi la duara kwenye karatasi ya shabaha, hivyo alama husomeka kwa urahisi. Mikanda yake mipana hushika vizuri mifereji iliyo ndani ya mtutu, na mfereji wake mpana hubeba grisi ya kutosha kuzuia madini yasigande ndani ya mtutu.

Keith alifundisha kwamba wingi wa baruti peke yake hauleti ulengaji mzuri. Kipenyo cha kichwa lazima kilingane na mdomo wa tundu la silinda na pia na mtutu. Kikiwa chembamba mno, gesi ya moto hupenya pembeni yake na kuyeyusha madini. Kitako kinapaswa kuwa bapa na bila dosari, kwa sababu ndiyo sehemu ya mwisho kutoka mtutuni. Dosari ndogo hapo huweza kukipeleka kichwa upande. Vilevile kiasi cha baruti kinapaswa kuwa sawa katika kila ganda.

Risasi za Magnum

Risasi za .44 Special alizojaza Keith zilikuwa na nguvu kuliko zile za viwandani. Kwa miaka mingi aliwaomba watengenezaji watoe risasi ya namna hiyo. Mwaka 1935 ilitokea .357 Magnum, ambayo Philip Sharpe na Douglas Wesson pia waliishughulikia. Katikati ya miaka ya 1950 Smith & Wesson na Remington walitoa .44 Magnum. Maganda ya risasi hizo mbili yalifanywa marefu kuliko yale yaliyotangulia, ili yasiingie katika bastola za zamani na kuzipasua. Mwaka 1964 ilifuata .41 Magnum.

Maandishi na ubishani

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Keith alikuwa mkaguzi wa silaha huko Ogden, Utah. Vitabu vyake ni pamoja na Sixgun Cartridges and Loads (1936), Sixguns (1955) na Safari (1968), kinachohusu uwindaji barani Afrika.

Alidai kwamba aliwahi kumpiga kwa bastola paa aliyekwisha jeruhiwa, akiwa umbali wa takriban mita 550. Wengi walilitilia shaka dai hilo, lakini yeye hakulibadilisha. Baadhi ya vipimo vyake vya baruti leo huhesabiwa kuwa vikali mno, na wanaojaza risasi hushauriwa kufuata majedwali mapya ya watengenezaji.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1973 Keith alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya mlenga bastola bora wa Marekani. Alifariki mjini Boise, Idaho, akiwa na umri wa miaka 84. Mwaka 2015 silaha zake nyingi ziliuzwa kwa mnada. Kalibu za umbo alilobuni bado zinatengenezwa.