Al-Khwarizmi, Mwalimu wa Wanaoanza

Hapa Kipsongo, mtaa wa mji wa Kitale, kijana jirani yangu alipata kompyuta kuukuu akaniuliza aanze na lugha gani ya kuiamuru. Wenzake walikwisha kumvunja moyo kwamba chombo chake kimepitwa na wakati, naye alikuwa karibu kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kabla ya kumjibu, nilimhadithia habari za mtu aliyefariki zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Mtu huyo ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyezaliwa yapata mwaka 780. Jina lake lamnasibisha na Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Alifanya kazi Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, zama za Khalifa al-Maamun aliyetawala tangu 813 hadi 833. Alikuwa bingwa wa hesabu, falaki na jiografia.

Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilichoupa ulimwengu neno aljebra. Wala hakukiandika ili kuwatambia mabingwa wenziwe. Alikusudia yale ambayo watu huyahitaji kila siku: mirathi, wasia, biashara na upimaji wa ardhi. Milinganyo aliigawa mafungu sita, kila fungu na njia yake, na kila hatua akaieleza kwa maneno matupu, bila alama tuzionazo leo shuleni.

Aliandika pia juu ya tarakimu za Kihindi. Kitabu hicho kilipotafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake liligeuzwa Algoritmi, na humo likatoka neno algorithimu, yaani mpango wa hatua za kufuatwa moja baada ya moja. Kompyuta zote, mpya na kuukuu, hufanya kazi kwa mipango hiyo. Alifariki yapata mwaka 850, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kwa kuifuata njia ya mzee huyo, nilimshauri kijana aanze na BASIC. Lugha hii ilitungwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, ili hata wanafunzi wasiosomea sayansi waweze kuitumia kompyuta. Amri zake za mwanzo ni chache, na haihitaji mtambo mkubwa: BBC Micro ya mwaka 1981 iliitumia kwa kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Zipo lugha mpya zenye nguvu zaidi, naye atazifikia baadaye.

Programu yetu ya kwanza ilikuwa ya mirathi. Marehemu amebakisha shilingi 24,000 baada ya mazishi, madeni na wasia; warithi ni mke, mwana mmoja na binti mmoja. Kompyuta ikampa mke thumuni yake, 3,000, mwana 14,000 na binti 7,000. Kijana aliihakiki hesabu kwa kalamu, akaiona sawa.

Chombo hakikuuzwa.