TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, mtoto wa bara aliyeanza na samaki



Ndugu zangu waumini wa Karatu, Ngorongoro na wote mnaotusoma humu, alhamdulillah, tumevuka nusu ya mwezi. Kila mwaka tukifika hapa safu za tarawehe zinaanza kupungua, na darsa la watu wazima nalo linaanza kupungua. Tusiharakishe kusema watu ni wavivu. Wengine hawana uvivu, wana aibu. Mmoja alinuia kumaliza msahafu mzima, leo yuko juzuu ya 3. Mwingine alinuia asikose tarawehe hata siku moja, wageni wakamweka Ndutu siku nne. Mwingine kasilimu akiwa na miaka 40, bado anababaika kwenye irabu, na pembeni yake kuna mtoto wa miaka 8 anasoma kama maji. Basi anajilaumu, anajidharau, mwisho anaona bora aache kabisa mpaka mwakani.

Kwa ajili ya huyu, leo tuangalie maisha ya mtu mmoja wa nchi hii hii yetu. Sio Maka, sio Baghdad. Ni Bagamoyo.

Jina lake ni Yahya bin Abdallah. Watu wanamjua zaidi kama Sheikh Ramiya. Alizaliwa katikati ya karne ya 19 huko Manyema, mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nyakati zile misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa inatoka Manyema, inavuka ziwa mpaka Ujiji, inapita Tabora, inateremka mpaka Bagamoyo. Toka Ujiji tu mpaka pwani ni zaidi ya kilomita 1,000, na watu walikwenda kwa miguu. Hebu fikiria: sisi tukienda Arusha, kilomita kama 140 ndani ya basi, tunashuka tumechoka.

Yahya alifika Bagamoyo angali mtoto, na alifika kama mtumwa. Akaingia katika nyumba ya tajiri mmoja wa Kiarabu, Amir bin Suleiman al-Lamki. Kule alikotoka hakuwa na baba mwenye jina pwani, hakuwa na ukoo wa masharifu, hakuwa na babu aliyeacha vitabu. Hata hilo bin Abdallah, mnajua wenyewe, ndilo jina ambalo mara nyingi hupewa mtu anayeingia katika dini bila kuwa na baba Mwislamu wa kumwita kwa jina lake. Maana yake ni mja wa Mwenyezi Mungu. Kwa watu wa mji lilikuwa ni alama ya kutokuwa na ukoo. Kwa anayejua dini, hakuna jina lililo zito kuliko hilo.

Tusisahau pwani ya wakati ule ilikuwaje. Watu walikuwa na madaraja. Kulikuwa na waungwana, na kulikuwa na watumwa. Mtu wa bara aliitwa mshenzi mchana kweupe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa majumbani na mashambani. Sheria ya kuumaliza huku bara la Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya umri wake Yahya aliishi katika mji ambao ulikuwa na neno tayari la kumwambia yeye ni nani na mwisho wake ni wapi.

Sasa angalieni alivyokwenda.

Alianza na samaki. Alikuwa anafanya biashara ndogo ya kuuza samaki pale Bagamoyo. Mnaoijua biashara hii mnajua ina adabu yake. Samaki halazwi. Ukiuza leo, umeuza. Usipouza, hasara ni ya leo, na kesho alfajiri unarudi tena ufukweni kama mtu mpya. Muuza samaki akikaa kuwalilia samaki wa jana, na wa leo watamwozea. Basi kwa kazi hiyo ndogo, isiyo na heshima kubwa machoni pa watu, Yahya alikuwa anaweka kidogo kidogo.

Kile kidogo kikawa shamba la minazi. Na mnazi nao una somo lake. Minazi ile ya asili ya pwani unaipanda leo, unasubiri miaka sita, saba, hata zaidi, ndipo uone nazi. Huwezi kuufokea mnazi ukazaa mwaka huu. Huwezi kuung'oa kila wiki ukaangalie mizizi imefika wapi. Unapalilia, unaondoka, kesho unarudi. Mtu aliyepitia samaki na minazi amefundishwa mambo mawili ambayo sisi yanatushinda: kuanza upya kila siku bila kujitukana, na kusubiri miaka bila kukata tamaa.

Na elimu aliipata kwa njia hiyo hiyo. Alisoma Qur'ani, akasoma dini kwa masheikh wa Bagamoyo, huku kazi inaendelea na riziki inatafutwa. Hakurithi kiti cha mtu. Mwanzoni mwa karne ya 20, alipoanza kujulikana kama sheikh na khalifa wa tariqa ya Qadiriyya, alikuwa ameshakuwa mtu wa makamo. Watoto wa ukoo wa elimu katika umri huo walikuwa wameshasomesha miaka na miaka. Yeye ndiyo kwanza jina lake linaanza kutajwa.

Ndugu yangu unayesema nimechelewa, hapo pasome mara mbili.

Halafu kuna jambo ninalolipenda zaidi katika maisha ya mzee huyu. Alipopata, hakuwafungia wengine mlango. Alifungua madrasa, akasomesha. Waliomfuata walikuwa watu wa kila namna, na wengi ni wale wa chini: waliokuwa watumwa, watoto wa watumwa, watu waliokuja kutoka bara kama yeye. Katika mji uliowahesabu kuwa si kitu, walipata mahali pa kukaa chini, kusoma, na kumtaja Mwenyezi Mungu pamoja na watu wengine. Wanafunzi wake wakatawanyika, na Bagamoyo ikawa moja ya vituo vikubwa vya Qadiriyya katika Tanganyika. Najua humu tuko tofauti katika mambo ya tariqa, na leo siyo mada yetu. Tunachokitazama ni mja na safari yake.

Mzee huyu aliishi chini ya tawala tatu. Alikuta mkono wa Sultani wa Zanzibar. Akaona vita vya Bushiri mwaka 1888 na 1889, Wajerumani wakashika nchi, Bagamoyo ikawa makao yao makuu, halafu mwaka 1891 makao yakahamia Dar es Salaam na mji ukaanza kupoa. Mwezi wa Agosti 1916 Waingereza wakaichukua Bagamoyo, na katika kipindi hicho Sheikh Ramiya akawekwa kuwa liwali wa mji kwa muda. Mtu aliyeingia mji ule kama mali ya mwenzake, akakalia kiti cha kuuamulia. Lakini kiti hicho hakikudumu, na sicho anachokumbukwa nacho. Anakumbukwa kwa madrasa. Alifariki mwaka 1931, mwanawe Sheikh Muhammad akaishika kazi baada yake, na mpaka leo watu wanakusanyika Bagamoyo kwa ziara kila mwaka na kumuombea. Mwenyezi Mungu amrehemu, ampe kauli thabiti, alijaalie kaburi lake liwe bustani katika bustani za Peponi. Amin.

Sasa turudi Karatu.

Wako wengi kati yetu ambao Uislamu wameukuta ukubwani, au wamezaliwa nao lakini madrasa ilikuwa mbali. Mtu wa Rhotia, wa Mang'ola, wa Oldeani, wa Endabash, aliyekulia kwenye ng'ombe na mahindi, leo anakaa mbele ya ustadh na alif be te. Shetani anajua pa kumgusa. Hamwambii aache dini, maana atakataa. Anamwambia tu kwamba yeye hii si yake, ni ya watu wa pwani, kachelewa, anachekesha. Na mtu akishaamini hivyo, anajiondoa mwenyewe bila kufukuzwa na mtu.

Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, ametufundisha kinyume chake. Ametueleza kwamba anayesoma Qur'ani kwa ufasaha ana daraja yake kubwa, na yule anayesoma kwa kubabaika, inamwia vigumu na bado anasoma, ana malipo mawili. Mawili, ndugu zangu. Kule kubabaika kunakokutia aibu, kwa Mola wako kunaandikwa. Na ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata kama ni ndogo. Na alipomwona swahaba kijana anafunga mchana kutwa kila siku na kusimama usiku kucha, hakumsifu. Alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki juu yake.

Kwa hiyo kuihurumia nafsi yako si anasa, na wala si mambo ya kuiga kwa watu wa nje. Nafsi ni amana. Sisi tuliosomea ualimu tunalijua hili darasani: mtoto akichekwa anapokosea, kesho hanyanyui mkono. Akirekebishwa kwa upole, anarudia mpaka anapatia. Wewe nawe una mtoto huyo ndani yako. Kwa nini mtoto wa jirani umrekebishe kwa upole, halafu nafsi yako uichape kwa matusi?

Lakini tusichanganye mambo. Upole si kujiachia. Sala tano ni tano, na saumu ni faradhi. Mgonjwa na msafiri sheria yenyewe imewapa ruhusa, na siku zilizowapita watazilipa. Anayekula mchana bila udhuru huyo hatumwambii ajihurumie, tunamwambia atubie, na mlango wa toba uko wazi. Upole ninaosema ni katika namna ya kusimama tena baada ya kuanguka, na katika kujipimia mzigo unaobebeka.

Wakulima wetu wa vitunguu kule Mang'ola wanalijua hili kuliko mimi. Jaruba hulifunguli mfereji wote kwa siku moja ukaenda zako wiki tatu. Maji mengi ya siku moja yanaozesha, na ukame wa wiki tatu unaua. Unamwagilia kwa kiasi, kwa zamu, mpaka kitunguu kinajaa.

Basi kwa siku hizi zilizobaki tushike mambo matatu.

*La kwanza:* chagua kiasi kidogo ambacho hata siku ya uchovu hakikushindi. Ukurasa mmoja baada ya alfajiri, au aya tano, au hata aya moja kwa anayejifunza. Msahafu wetu huu wa kurasa 604, ukisoma ukurasa mmoja tu kwa siku bila kuacha, unaumaliza kwa mwaka mmoja na miezi minane hivi. Wangapi tumekaa miaka kumi tunanuia kuumaliza kwa mwezi mmoja, na hatujaumaliza hata mara moja?

*La pili:* ikikupita siku, usiifanye deni la kukutisha. Ulikuwa Ndutu, ulikuwa porini, mtoto aliumwa, ulilala. Sema astaghfirullah, uanze na ya leo. Dereva unayesafiri, kuna aya unazozijua kwa moyo, zisome wageni wanapopiga picha. Kumbuka muuza samaki na samaki wa jana.

*La tatu:* usijipime na mtu mwingine. Yule mtoto wa miaka 8 anakimbia njia aliyofunguliwa na wazazi wake. Wewe unakata njia porini, na kesho wanao watapita hapo wakikimbia. Na ukimwona mwenzako ameanza juzi, usimcheke. Msogezee msahafu, umwonyeshe mstari.

Kama kuna ndugu uliyekuwa unakaa naye darsani na humwoni tena wiki hii, leo kabla ya futari mpigie simu. Usimuulize kwa nini haji. Msalimie, umwambie nafasi yake ipo.

Ewe Mola wetu, Wewe ni Mpole na unapenda upole. Zipokee saumu zetu pamoja na upungufu wake, uturuzuku kudumu katika kidogo tunachokiweza, utusamehe tulichoshindwa, na umrehemu Sheikh Yahya bin Abdallah na kila aliyetutangulia kwa imani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Futari njema, tukutane tarawehe inshaallah.